Yai la Mnada

Jumanne iliyopita uso wa baba mkubwa ulikuwa sokoni kwa etha 0.003, ambayo siku hiyo ilikuwa kama shilingi 20,000. Niliuona nikiwa nimesimama kwenye daladala, mkono mmoja kwenye bomba la juu, mwingine kwenye simu. Picha ni ile ile. Mzee amesimama ndani ya maji ya Ziwa Nyasa, kanzu nyeupe ameikunja hadi magotini, mkono wa kushoto ameshika ukingo wa mtumbwi, wa kulia ameshika mfuko wa plastiki wenye Biblia na kitabu cha sala. Hana viatu. Chini ya picha kuna maelezo ya Kiingereza, mistari mitatu ya kutia huruma, ambayo niliyaandika mimi nikiwa na miaka 21. Anayeuza ni mtu ambaye simjui. Ninachokijua ni namba ya pochi yake ya kidijitali, ambayo inaanza na 0x7a.

Nimekuwa nikitaka kuandika habari hii tangu nianze shahada ya uzamili, na kila mara naanzia pabaya. Naanza na teknolojia, naishia kuandika kama kipeperushi. Leo naanza na mahali.

Mama yangu ni Mmatengo wa Mbinga, wa kule juu kwenye baridi, kahawa na mashamba ya ngoro. Baba alitoka chini, ziwani, kijiji kimoja kati ya Mbamba Bay na Liuli. Barabara kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 na siku hizi ni lami. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunashuka ziwani kwa lori, na wakati wa masika tulikuwa tunashuka kwenye lori ili lori lipite. Upande wa mama ni Wakatoliki, watoto wa Wabenediktini wa Peramiho. Upande wa baba ni Waanglikana, watoto wa UMCA, ile misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza iliyoweka makao yake kisiwani Likoma mwaka 1885. Sisi watoto tulisali kote kote, kutegemea likizo tunaila wapi.

Baba mkubwa ni katekista. Hana mshahara, ana posho, ikipatikana. Anahudumia makanisa madogo matano, na mawili kati ya hayo hakuna gari linalofika. Milima inateremka moja kwa moja hadi kwenye maji, kijiji kinakaa kwenye kipande cha mchanga, halafu mawe, halafu kijiji kingine. Njia ya miguu ipo, lakini ni ya mbuzi. Njia ya kweli ni ziwa, na baba mkubwa hakuwa na chombo. Aliazima mtumbwi kwa wavuvi wa usipa siku ambazo wenyewe hawautaki. Upepo wa mwera ukianza kuvuma kutoka kusini hakuna anayevuka, na yeye hukwama kijiji cha watu siku mbili, tatu. Kuna mwaka mtoto alizikwa bila sala kwa sababu katekista alikuwa upande wa pili wa mawimbi. Habari hiyo alinihadithia mara moja tu, akiwa anachambua usipa, na hakunitazama.

Sasa, 2021. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, Dar es Salaam. Mwezi Machi mwaka huo nyumba ya mnada ya Christie's iliuza picha ya kompyuta ya msanii Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, na ghafla kila kijana mwenye bando alikuwa mtaalamu. Mimi nilijiunga na kundi moja kwenye Discord, la Wakristo wengi wao wa Marekani na Ulaya, waliokuwa wanauza picha za kidijitali ili kuchangia kazi za misheni. Wanachama walikuwa wanapiga kura kuamua mradi upi usaidiwe. Niliandika ombi: boti na injini kwa ajili ya katekista wa Ziwa Nyasa.

Nililiandika kwanza, ndipo nikaenda kumweleza mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utaratibu wangu wa mambo wakati huo.

Tulikaa barazani kwake, mwezi wa tisa, kabla ya mvua. Nikamwambia watu watanunua tokeni. Akauliza kama ni za LUKU. Nikasema hapana, hizi si za umeme. Nikamweleza kwamba kuna daftari kubwa linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani kwa wakati mmoja, watu wanaliita blokicheni, na mstari ukishaandikwa humo hakuna wa kuufuta. Mstari unasema: picha namba fulani ni mali ya pochi fulani. Picha yenyewe mtu yeyote anaweza kuiona, hata kuihifadhi kwenye simu yake bure. Kinachonunuliwa ni ule mstari.

Alifikiri kwa muda. Akasema, "Basi hilo ni yai la mnada."

Kama hujawahi kusali kanisa la kijijini nikueleze. Baada ya ibada, asiye na hela huleta alichonacho: kuku, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, sahani ya usipa. Vinauzwa pale pale mlangoni kwa mnada. Mtu ananunua yai kwa shilingi 2,000, halafu anasema, "Nalirudisha, liuzwe tena." Analinunua mwingine kwa 5,000, naye analirudisha. Nimewahi kuona yai moja likizunguka mara saba na kuingiza shilingi 34,000, na wakati wote huo yai limetulia mkononi mwa mzee wa kanisa. Hakuna anayedhani yai lina thamani hiyo. Kila mtu anajua analipia nini, na kila mtu anaona nani kalipa.

Nilifurahi. Nilikuwa nimesoma makala nyingi za Kiingereza kuhusu jambo hili na hakuna iliyolieleza vizuri hivyo. Nikamwongezea utamu: kila picha ikiuzwa tena, asilimia 10 ya bei mpya itarudi kwa misheni. Yai litakuwa linazunguka milele na linatuletea.

"Na mwisho wa yote nani analila?"

"Halilagi mtu, baba mkubwa."

"Hilo yai zuri," akasema, akacheka hadi akakohoa.

Asubuhi iliyofuata nikampiga picha. Kiongozi mmoja wa kundi, mtu mpole ambaye hata leo siwezi kumlaumu kwa ubaya wowote, alikuwa ameniandikia kwamba picha nilizotuma mwanzo zilikuwa kavu. Alitaka kitu kitakachomgusa mtazamaji. Katika zile za mwanzo baba mkubwa alikuwa amevaa viatu vyeusi vilivyopigwa dawa, na miwani. Asubuhi ile alifika ufukweni amevaa viatu vile vile. Akavivua ili ausukume mtumbwi majini, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, halafu akawa anarudi kuvichukua avishike mkononi. Nikamwambia, "Baba mkubwa, viache tu hapo."

Akaviacha.

Kura yetu ilishindana na kisima cha nchi nyingine na mradi wa kutafsiri Maandiko. Sheria ya kundi ilikuwa kila picha unayomiliki ni kura moja, kwa hiyo aliyekuwa na picha 40 alikuwa na kura 40. Mtu mmoja, mwenye katuni ya bundi mahali pa sura yake, alitupa kura zake zote usiku wa manane kwa saa za Tanzania, na tukashinda. Nilipiga kelele hosteli nzima ikaamka. Sikujiuliza ingekuwaje kama bundi angelala mapema. Kwa baba mkubwa, halmashauri ya kanisa inaweza kubishana wiki tatu kuhusu bati moja, na yule mama anayetoa shilingi 200 ana sauti sawa na mwenye duka. Nilikuwa nimeyazoea mabishano hayo kiasi cha kuyaona ni ushamba.

Picha 30 ziliuzwa ndani ya siku nne kwa etha 0.06 kila moja. Kundi likachukua fungu lake, na kwenye pochi yangu zikabaki etha 1.6. Ilikuwa Novemba 2021. Wanaofuatilia mambo haya wanaujua mwezi huo: etha ilifika karibu dola 4,800, na haikuwahi kufika hapo kabla. Nilipiga hesabu kwenye kisogo cha daftari la mihadhara. Karibu shilingi milioni 17.

Milioni 17, kwa kanisa ambalo sadaka ya Jumapili huhesabiwa kwa sarafu. Zilikuwa ndani ya simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na ufunguo wake ulikuwa maneno 12 ya Kiingereza niliyoyaandika ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Kwa siku kadhaa nililala na kile kitabu chini ya mto.

Padri hakuwa na amani. Alikuwa na nakala ya tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililosema sarafu hizi si fedha halali nchini, na alitaka tuzibadilishe haraka tuzisahau. Mwezi Juni 2021 Rais Samia alikuwa ameitaka Benki Kuu ijiandae kwa teknolojia hiyo, nami nikamjibu padri kwa hotuba hiyo, kana kwamba hotuba ni kibali. (Sheria ya Fedha ya 2024 ilikuja kuweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Mali hizi zilitambuliwa na mkusanya kodi kabla ya kutambuliwa na mtu mwingine.) Baba mkubwa aliuliza swali moja tu: boti na injini ya farasi 15 ni bei gani? Nikamwambia hela inatosha na itabaki. "Basi nunua," akasema.

Mimi nikasema tungoje.

Nakumbuka hoja zangu zote na zilikuwa na mantiki. Watu niliowaheshimu kule kundini walisema itafika dola 10,000. Nikasema kufikia Pasaka tutakuwa na boti, injini na bati za makanisa mawili. Nilikuwa mtu pekee katika ukoo aliyeelewa kile kitu, na kuelewa kwangu kulinipa kiburi ambacho nilidhani ni imani. Nilipompigia mama, Mbinga, kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Babu yako naye alingoja bei."

Habari ya babu naijua. Aliweka magunia ya kahawa ndani akisubiri bei ipande, ikashuka, akangoja irudi, ikashuka zaidi, magunia yakavuta unyevu. Mama aliacha shule kidato cha pili mwaka huo. Hakurudia hayo kwenye simu. Alisema tu hiyo sentensi moja kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwishoni mwa Januari 2022 etha ilikuwa imeshuka hadi nusu. Ukishapoteza nusu unaanza kungoja kwa namna nyingine kabisa. Hungoji tena kupata, unangoja kurudishiwa. Baba mkubwa alikuwa anapiga kila baada ya wiki mbili. Hakuwahi kuuliza kuhusu hela. Aliuliza masomo, akanieleza nani kazaa na nani kafa, akaniombea, akakata. Mwezi Mei sarafu iitwayo Luna ikaanguka na kuvuta nyingine zote. Tarehe 18 Juni etha moja ilishuka chini ya dola 1,000. Siku chache baadaye niliuza, kwa kijana mmoja wa Kariakoo niliyeunganishwa naye na rafiki, akanitumia fedha kwa simu kwa mafungu matatu. Zilikuja shilingi milioni 4 na kidogo.

Nilipanda basi la Songea siku iyo hiyo mtihani wa mwisho ulipokwisha. Nilikuwa nimepanga kumwambia yeye peke yake, jioni, barazani. Nilimwambia. Aliuliza mara mbili ili awe na uhakika wa namba: kumi na saba, halafu nne. Alikaa kimya hadi nikasikia wavuvi wakishusha taa kwenye mitumbwi. Kisha akasema, "Jumapili utasoma mwenyewe."

Pale kanisani kila mwisho wa ibada katibu husoma daftari la sadaka. Jina na kiasi, jina na kiasi, hadi mwisho, pamoja na waliotoa kuku. Daftari hilo ni la kurasa 96 lenye picha ya twiga, na mistari yake inafutika kabisa ukimwagia maji, lakini sijawahi kusikia mtu akibishana na kilichoandikwa humo, kwa sababu kilisomwa mbele ya wote. Jumapili ile katibu alipomaliza aliniita. Nikasimama. Nikasoma: picha 30, kiasi kilichopatikana, kiasi cha kundi, thamani ya Novemba, thamani ya Juni, ada, kilichobaki. Nilitumia maneno "kushuka kwa soko" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Bibi mmoja wa umoja wa akina mama aliinua mkono. "Mjukuu wangu, hela imeibiwa?"

"Hapana, bibi. Imeshuka bei."

"Kama kahawa?"

"Kama kahawa."

Watu wakaguna, na ile miguno ilikuwa ya huruma. Nusu ya watu pale wana ndugu Mbinga, hakuna asiyejua habari ya bei kushuka. Nikaanza kupumua. Ndipo kijana mmoja aliyekuwa amesimama dirishani, mvuvi, rika langu, tuliyewahi kuogelea naye utotoni, akasema bila hasira yoyote, "Lakini kahawa ikishuka, aliyengoja ni mwenye kahawa. Hii nani aliamua kungoja?"

"Mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akajibiwa. Katibu akaandika. Nikakaa.

Baada ya hapo tukatoka nje kwenye mnada, na kulikuwa na yai. Sikulinunua. Sikuweza hata kulitazama.

Jioni tulitembea ufukweni, baba mkubwa na mimi. Mchanga ulikuwa umefunikwa usipa wa kuanikwa na ilibidi tupite pembeni. Kwa kuwa siku ilikuwa ya kusema, nikataka niseme yote. Nikaanza: "Baba mkubwa, ile siku ya picha, nilikuambia uache viatu..."

"Nakumbuka," akasema. "Hukutaka vilowe."

Nikaishia hapo. Sababu ya kweli nilimwambia mwaka uliofuata, kwenye simu, nikiwa mbali naye kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Alinyamaza kidogo, akauliza kama wale wazungu wasingetoa hela kwa mtu mwenye viatu. Nikasema sijui. Kweli sijui, sikuwapa nafasi ya kuonyesha.

Nilipoanza uzamili niliangukia mada ya utafiti kwa njia hii hii. Nikakaa maktaba na vitabu vya UMCA, nikitafuta boti. Zipo mbili. Ya kwanza ni Charles Janson, meli ya mvuke ya miaka ya 1880, ambayo William Percival Johnson alirudi Uingereza kuiombea fedha. Huyu Johnson alizunguka ufukwe huu kwa karibu miaka 50, jicho moja halioni na la pili linaona kwa shida, akafa mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, na wazee wa kwetu bado wanamtaja kama mtu waliyepishana naye juzi. Ya pili ni Chauncy Maples, iliyoitwa kwa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande 3,481, ikaletwa kwa bahari na kwa mto Zambezi na Shire. Bwela lake la tani 11 lilivutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Mwaka 1901 ikaingia majini, ikawa kanisa, shule na hospitali inayoelea.

Nilichokitafuta hasa ni nani alilipa. Walilipa watu wa kawaida, parokia kwa parokia, na kwa ajili yao misheni ilichapisha magazeti mawili, moja la watu wazima, Central Africa, na moja la watoto, African Tidings. Yana picha. Watoto wa ziwani wamesimama mistari, walimu, wainjilisti kwenye mitumbwi. Nilizifungua kurasa zile kwa hofu fulani, nikitazama miguu. Wengi hawana viatu, na kwa miaka ile pengine hakuna aliyewaambia waviache. Lakini kuna picha moja ya mwalimu amesimama majini ambayo niliitazama muda mrefu. Nilijua kabisa aliyeshika kamera alisimama wapi, na kwa nini alimngoja afike majini ndipo apige.

Msimamizi wangu anataka niandike kwamba ni muundo ule ule uliobadilisha vyombo. Naweza kuandika hivyo na nitapata alama. Ila kuna tofauti ambayo siwezi kuiacha. Yule mtoto wa Uingereza aliyetoa peni yake hakuwa na kitu cha kuuza baadaye. Gazeti lilizeeka, likatupwa, meli ikabaki ziwani. Katika biashara yangu mimi, mtoaji aliondoka na mstari kwenye daftari lisilofutika, na mstari huo una uso wa mtu, na anaweza kuuza uso huo kwa mtu mwingine ambaye hajawahi kusikia habari ya boti. Ile asilimia 10 tuliyoahidiwa iliingia mara mbili tu. Baadaye masoko makubwa ya picha hizi yakaacha kuwalazimisha wanunuzi kuilipa, wakabaki kuilipa kwa hiari, na hiari ya mtu anayetafuta faida unaijua. Kwenye mnada wa yai hakuna anayeondoka nalo ili akaliuze Mbamba Bay.

Sisemi wale watu walikuwa wabaya. Walitoa. Milioni 4 ni hela.

Kwa hela hiyo fundi wa Liuli alitengeneza boti ya mbao, nzuri, pana, bila injini. Ilikaa ufukweni miezi miwili. Aliyeipatia kazi ni yule kijana wa dirishani. Yeye na mwenzake walikuwa na injini, boti yao ikiwa imeoza. Wakaja kwenye halmashauri na pendekezo: boti ya kanisa, injini yao, wavue usipa usiku, fungu moja kati ya matano liende kanisani, na katekista apelekwe popote, siku yoyote, bure. Halmashauri ikabishana wiki tatu. Ikakubali. Tangu Novemba 2022 baba mkubwa anavuka, ananuka samaki hadi altareni, na hajakwama ila kwa mwera wenyewe. Kundi lilikuwa limeomba boti iitwe kwa jina la mkusanyo wao wa picha. Baba mkubwa alisema jina hilo hawezi kulitamka. Ubavuni, kwa rangi nyekundu, imeandikwa YAI.

Kitu kimoja alikitaka kwangu, na kilinisumbua kuliko yote. Alitaka majina ya watoaji ili wasomwe na waombewe. Nikamwambia hawana majina, wana namba na katuni. Akasema nimwandikie hizo namba. Nikamwandikia pochi zote 30, tarakimu nne za mwanzo na nne za mwisho kila moja, na palipokuwa na jina la utani nikalitafsiri. Kwa hiyo ipo Jumapili moja kila mwezi ambapo, katika kanisa dogo la matofali ya kuchoma pembeni ya Ziwa Nyasa, mzee mwenye miwani anamwombea sifuri-eksi-saba-a, anamwombea Bundi wa Usiku, anamwombea Mchungaji wa Mwezini. Mara ya kwanza watoto walicheka. Sasa wanaitikia.

Jumanne ile, niliposhuka kwenye daladala, nilikaa kwenye benchi la kituo nikapiga hesabu. Shilingi 20,000, na ada ya mtandao. Ningeweza kuinunua siku ile ile, nikaifungia kwenye pochi yangu isiuzwe tena. Lakini nilishawahi kuamua peke yangu kuhusu kitu kisicho changu, kwa hiyo nikampigia.

Nikamweleza kwamba picha yake inauzwa, bei ni ndogo kuliko ya mwanzo mara 20, je, niinunue?

"Anayeuza ni yule wa kwanza kabisa, au imeshafika kwa mwingine?"

Nikaangalia. Daftari lile halifutiki, lina faida yake. "Ni wa kwanza. Sifuri-eksi-saba-a."

"Huyo namjua," akasema. Nikasikia mawimbi nyuma yake, na mtu akiita jina la mtu. "Anauza kwa hasara namna hiyo? Ana shida gani?"

Nikasema huenda anasafisha tu pochi yake, watu wengi wameshaondoka kwenye mambo haya.

"Hujui. Mwandikie umuulize."

Kuna njia ya kuiandikia pochi ujumbe. Niliandika kwa Kiingereza, nikafuta, nikaandika tena. Nikajitambulisha, nikasema mtu aliye kwenye picha ni mzima, ana boti, na anauliza kama wewe ni mzima. Hadi leo hakuna jibu, na picha bado ipo sokoni.

Jana baba mkubwa alinipigia kuniambia wamesoma daftari. Sifuri-eksi-saba-a amemhamisha. Amemtoa kwenye orodha ya watoaji, amemwingiza kwenye ile ya wagonjwa na wenye shida, ambayo husomwa kila Jumapili.